Mtoto hatumii maziwa kabisa: kabla hujanunua kalsiamu, soma nyuma ya chupa (uzi mrefu)

#1 Mama_wa_Nepi

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Mtoto kalala, baba yake yuko safari, umeme upo. Ngoja leo nilimwage lote. Mwenye haraka apite, maana nina mengi.

Kijana wangu ana miaka miwili na miezi minne na hatumii maziwa ya ng'ombe wala kitu chochote kilichoguswa na maziwa. Mtindi hapana, siagi hapana, biskuti nyingi za dukani hapana, hata mikate mingine hapana kwa sababu ina unga wa maziwa ndani. Alipofika miezi mitano nilirudi kazini nikamwanzishia maziwa ya kopo. Wiki ya pili nikaona kwenye nepi kamstari chembamba chekundu, kama zafarani iliyolowa, kamechanganyika na ute. Nikajiambia joto la Dar hilo. Halafu mashavu yakaanza kupasuka na kutoa maji, usiku anajikuna mpaka shuka linabaki na madoa. Kituo cha kwanza tuliambiwa minyoo. Minyoo, mtoto wa miezi mitano! Kituo cha tatu ndipo tukampata daktari wa watoto aliyekaa akasikiliza. Akasema tuache maziwa yote kwa wiki nne, na mimi niache pia kwa kuwa bado nilikuwa nanyonyesha usiku. Siku ya kumi nepi ikawa safi.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuna tumbo linaloshindwa kusaga sukari ya maziwa, mtu anajaa gesi na kuharisha; watu wazima wengi wetu tuko hivyo na hatufi. Na kuna mzio, ambapo kinga ya mwili inaipiga vita protini ya maziwa. Huyu wangu ni wa pili. Kwa mzio, kupunguza hakusaidii, ni kuacha.

Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akaniletea maziwa ya mbuzi kwenye chupa ya soda. "Haya hayana neno, wote tumewalea kwa haya." Vijiko vitatu tu, midomo ikavimba. Baadaye nikaelezwa kwamba protini za maziwa ya mbuzi na za ng'ombe zinafanana mno, mwili hauzitofautishi. Tafadhali msijaribu hili nyumbani.

Basi tukaishi bila maziwa. Mimi nikawa natembea kifua mbele, maana kila asubuhi nilikuwa nampa sirapu ya kalsiamu. Nimemaliza kazi, au siyo?

Alipotimiza miaka miwili kliniki ikatupeleka kwa afisa lishe. Dada mmoja mpole, hana haraka. Akanipa karatasi akasema niandike kila kitu ambacho mtoto anaweka mdomoni kwa siku tatu, na nisimfurahishe yeye, niandike ukweli. Nikaandika: uji wa mahindi, wali, ndizi, nyama kidogo, maharage, mchicha vijiko vitatu, chungwa, maziwa ya soya niliyotengeneza mwenyewe. Akapiga hesabu mbele yangu. Kwa siku alikuwa anapata kalsiamu miligramu mia mbili na kidogo. Kipimo alichotumia yeye, kile cha Marekani, kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni 700. Kuna nchi zina vipimo vya chini, Uingereza kwa umri huo wanasema 350, lakini hata hapo sisi hatukufika.

Nikamwambia, lakini nampa sirapu! Akaniambia kesho uje nayo.

Nikaja nayo. Akasema, soma nyuma. Nikasoma kwa sauti: kalsiamu kaboneti miligramu 250 kwa kila mililita 5. "Unampa ngapi?" Kijiko kimoja. "Kwa hiyo anapata ngapi?" 250. Akatikisa kichwa. "Hiyo 250 ni uzito wa chumvi nzima. Kalsiamu yenyewe humo ndani ni sehemu 40 tu kwa 100."

Yaani nilikuwa nampa 100.

Alinifafanulia kwa nazi, na ndiyo sababu nimeandika uzi huu. Ukinunua nazi kwa uzito, makumbi na kifuu vimo kwenye mzani. Unachokula ni nyama peke yake. Kalsiamu kaboneti ni nazi yenye nyama nyingi, asilimia 40. Kalsiamu sitreti ni asilimia 21. Kalsiamu glukoneti makumbi yamejaa, nyama ni kama asilimia 9 tu. Chupa mbili zinaweza kuandikwa 500 zote, moja ikampa mtoto 200 na nyingine 45.

Na kijiko! Nilikuwa natumia kijiko cha chai cha jikoni. Alinipimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano: kijiko changu kikijaa vizuri kinabeba mililita tatu na nusu. Sasa piga hesabu mwenyewe.

Tulichofanya baada ya hapo: maziwa ya soya ya boksi yaliyoongezwa kalsiamu badala ya yale yangu (yangu ni mazuri, lakini soya tupu ina kalsiamu kidogo). Haya ya boksi yameandikwa 120 kwa mililita 100, anakunywa 300 kwa siku, hiyo ni 360. Kisha sirapu mililita 5 mara mbili, pamoja na chakula cha mchana na cha usiku, 200. Zilizobaki tunazitafuta kwenye chakula: uji wa ulezi badala ya mahindi, sukuma wiki, dagaa. Kwa kuwa damu yake pia ilikuwa chini, ana dawa ya chuma, na hiyo anapewa asubuhi peke yake na juisi ya chungwa, mbali na kalsiamu, kwa sababu kalsiamu inazuia chuma kuingia mwilini.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia, nimeligundua mwenyewe. Boksi la kwanza la soya lilipoisha nililikata kwa mkasi ili nioteshe miche humo. Chini nikakuta tope jeupe limeganda, kama chokaa ya ukutani. Hiyo ndiyo kalsiamu! Inazama. Wiki nzima nilikuwa nampa mtoto maji ya juu, madini naacha chini. Sasa natikisa boksi kama mpiga kayamba kila nikimimina.

Swali langu: unga wa dagaa kwenye uji anaukataa, anasikia harufu kutoka sebuleni. Nyinyi mnafanyaje?

#2 Kibatari_Kinawaka

Dada nimesoma mpaka mwisho, nimenyanyuka kitandani kwenda kuangalia chupa yetu. Kalsiamu glukoneti 500. Nimekuwa nikijisifu. Kwa hiyo nyama ya nazi hapo ni ngapi?

#3 Zamu_ya_Usiku

Mkuu Kibatari, ni kama 45. Mimi ni mfamasia, niko zamu na wateja hakuna, ngoja niongezee ya Mama wa Nepi, kwani kayaeleza vizuri kuliko sisi tunavyoeleza dirishani.

Chupa zingine zinakuwa na ukweli wote: "kalsiamu kaboneti 1250, sawa na kalsiamu 500." Ukiona neno "sawa na", namba inayofuata ndiyo yako. Ukikuta namba moja tu na jina la chumvi, shuku, kisha muulize mtu wa dirishani. Asipojua, mwambie akupe karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo ipewe pamoja na chakula. Sitreti haijali. Mwili huichukua vizuri kalsiamu ikija kidogo kidogo, usivuke 500 kwa mara moja. Kwa mtoto mdogo huwezi hata kufika huko, lakini kwa wale wa miaka tisa hadi 18, ambao kipimo cha Marekani ni 1300 kwa siku, watu hupenda kuwamiminia yote asubuhi wakamaliza. Nyingi yake inaishia chooni.

Msizidishe. Nimepata wazazi wanaotaka kumpa mtoto vidonge vya bibi yake vya mifupa. Kalsiamu ikizidi, kinachoonekana kwanza ni choo kigumu, mtoto analia akikaa kwenye poti. Halafu mawe ya figo, na chuma na zinki vinakosa nafasi. Ikiwa mtoto anatumia dawa ya tezi la shingo, au antibiotiki za jamii ya siprofloksasini na doksisiklini, kalsiamu ikae mbali kwa saa kadhaa, inazikamata zisifanye kazi. Muulize aliyeandika cheti.

Sasa zile chupa za "kalsiamu, magnesiamu, zinki na vitamini D" zinazouzwa kwa picha ya mtoto ananyanyua chuma. Angalia zinki. Kiwango cha juu cha zinki kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ni miligramu 7 kwa siku. Najua mtasema mbona akiharisha tunampa kidonge cha 20? Hicho ni cha siku 10 hadi 14, kisha basi. Zinki nyingi ya miezi na miezi inafukuza madini ya shaba mwilini, na damu inashuka tena kwa njia nyingine. Magnesiamu nyingi nayo inaharisha, ndiyo maana inatumika kama dawa ya kulainisha choo.

Na la chuma nalisema kwa herufi kubwa: VIDONGE VYA CHUMA VIKAE JUU KABATINI. Vinafanana na pipi na vimeua watoto duniani kote. Mtoto mwenye seli mundu asipewe chuma kwa kubahatisha, apimwe kwanza. Wengine damu iko chini lakini chuma kimejaa.

#4 Babu_Kwamtoro

Wazazi wa siku hizi mnahangaika. Sisi tulikula ugali na mlenda, maziwa tuliyaona kwa jirani, na meno haya ninayo mpaka leo. Mnatajirisha maduka ya dawa.

#5 Mama_wa_Nepi

Shikamoo babu. Huo ugali na mlenda, dagaa hukula? Mifupa ya kuku hukutafuna? Samaki wadogo mlikula na kichwa? Huyu wangu ni mtoto wa ghorofa ya tatu, kuku wake hana mfupa na jua analiona kupitia nondo za dirisha.

#6 Zamu_ya_Usiku

Babu, nakuheshimu, lakini matege yalikuwepo, tulikuwa tunasema mtoto amerogwa, au amesimamishwa mapema.

Kuna kazi moja kubwa ilifanyika Jos, Nigeria, ikatoka mwaka 1999. Watoto 123 wenye matege. Jua wanalo, wanacheza nje siku nzima, kwa hiyo si habari ya jua peke yake. Chakula chao kilikuwa nafaka, kalsiamu karibu 200 kwa siku. Hiyo hiyo ya mtoto wa Mama wa Nepi! Wakagawanywa: wengine vitamini D peke yake, wengine kalsiamu peke yake, wengine zote mbili. Baada ya wiki 24, waliopata kalsiamu, ikiwa peke yake au na vitamini D, mifupa ilipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D tu. Mpaka hapo vitabu vingi vilikuwa vinasema matege ni ukosefu wa jua. Kwetu Afrika mara nyingi ni sahani.

Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba mtoto wa zaidi ya mwaka anayepata chini ya 300 kwa siku yuko kwenye hatari ya matege. Na matibabu ni vitamini D pamoja na kalsiamu 500 kwa siku, miezi mitatu kwa uchache. Hayo ni matibabu ya hospitali, simaanishi mkanunue.

#7 Babu_Kwamtoro

Marahaba. Mifupa ya kuku tulitafuna kweli, hata mbwa alikuwa anatulalamikia. Nimekaa pembeni, naendelea kusoma.

#8 Chuga_ya_Juu

Mimi niko upande wa Meru huku Arusha, karibu na Maji ya Chai. Nyie watu wa Dar mkimwona mtu wa huku mnamjua kwa meno ya kahawia. Hiyo ni floridi kwenye maji, inatoka kwenye miamba ya mlima. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna visima na chemchemi huku zinaizidi mbali sana.

Kwa nini nalisema kwenye uzi huu? Kwa sababu mtoto anayekosa kalsiamu ndiye floridi inamshika zaidi. Kalsiamu tumboni inaikamata floridi isiingie yote. Huku tumeona watoto miguu imepinda, wazazi wanadhani ni lishe tu au maji tu, kumbe viwili vimekutana. Na wengine tunapikia magadi maharage yalainike haraka, nayo yana floridi yake.

Kwa hiyo mwenye mtoto asiyetumia maziwa akiwa ukanda huu, aanze na maji. Kuchemsha hakuondoi floridi, maji yanapungua na floridi inabaki pale pale, inakolea. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa vya nyumbani, kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Ulizeni. Maji ya mvua nayo ni mazuri ukiwa na pa kuyatunza.

#9 Mama_wa_Nepi

Hili la maji sikuwahi kulisikia kabisa. Mama mkwe yuko Usa River na likizo huwa tunakaa mwezi mzima. Asante sana kaka.

#10 Mke_wa_Baharia

Haya, tuje kwenye swali lenyewe mlilolikimbia. Dagaa kwenye uji? Hata mimi nitakataa! Uji ni mtamu, dagaa ni wa chumvi, vinagombana.

Sisi Tanga tunafanya hivi. Chukua dagaa wakavu, usitoe vichwa wala mifupa, maana unachokitafuta ndicho hicho. Ukishamchambua dagaa umebaki na kitoweo tu. Osha kwa maji ya vuguvugu, mchanga mwingi, hasa walioanikwa ufukweni. Kamulia ndimu, acha kidogo, osha tena. Kausha juani mpaka wakatike kwa kidole. Kaanga kwenye sufuria kavu, moto mdogo, na tangawizi mbichi ya kukwaruza, mpaka harufu igeuke kuwa ya kokwa. Twanga, chekecha kwa chekecheo la unga. Kinachobaki juu twanga tena. Hifadhi kwenye chupa yenye mfuniko.

Unga huo usiutie kwenye uji. Tia kijiko kimoja kwenye mchuzi wa nazi wa maharage au wa kisamvu, wakati wa mwisho kabisa. Tui linafunika. Au kwenye nyama ya kusaga. Ukishazoea, tia na kwenye kachori.

Kama mtoto ana mzio, anza na punje kidogo siku ya kwanza, usubiri. Samaki nao wana watu wao.

#11 Zamu_ya_Usiku

Bibie kamaliza. Naongeza la mboga tu, kwa sababu karatasi ya Mama wa Nepi ilikuwa na mchicha. Mchicha unayo kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini imefungwa na asidi ya oksaliki, mwili hauipati. Ndugu yake spinachi amepimwa: kati ya miligramu 100 unachukua kama 5. Kwenye maziwa unachukua kama 30. Sukuma wiki haina kizuizi hicho, kwa kiasi ambacho mwili unachukua inafika maziwa na kuyapita. Ukiupika mchicha na kumwaga maji ya kwanza unapunguza kidogo. Usiuache lakini, una mengine mazuri.

Ulezi una kalsiamu karibu 340 kwa gramu 100 za unga, hakuna nafaka nyingine ya sokoni inayoukaribia. Shida ni fitati, kitu kilichomo kwenye nafaka kinachoikamata kalsiamu isiingie mwilini. Loweka usiku, uoteshe siku mbili mpaka utoe vijimkia, anika, saga. Kimea hicho kinapunguza fitati na uji unakuwa mwepesi, unaweza kuongeza unga bila kuwa mzito. Ule uji wa lishe wa nafaka kumi na mbili, soya, karanga na kila kilichokuwa stoo, hauongezi kalsiamu kama mnavyodhani.

#12 MamaBoy_Kayole

Wadau, naandika kutoka Nairobi. Nimelia nikisoma. Kijana wangu ana usonji, ana miaka sita. Anakula vitu vyeupe peke yake: wali, chipsi, mkate, na maziwa. Maziwa ndiyo yalikuwa wokovu wetu. Mwaka jana mama mmoja kwenye kikundi chetu akaniambia niondoe ngano na maziwa, ati ataanza kuongea. Nikaondoa. Miezi minane. Hakuanza kuongea, alianza kukonda. Juzi amevunjika mkono kwa kuanguka kutoka kwa kochi. Kochi tu! Daktari ameuliza anakula nini, nikashindwa kumwangalia usoni.

#13 Zamu_ya_Usiku

Pole sana mama. Usijipige. Ulimfanyia kwa mapenzi, na hao wanaosambaza habari hizo hawakukaa nawe usiku.

Ukweli ni huu: ushahidi kwamba kuondoa ngano na maziwa kunabadilisha usonji ni dhaifu, wengi waliojaribu kitaalamu, kwa kupima, hawakuona tofauti. Upande wa mifupa kuna uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2008 uliopima wavulana wenye usonji kwa picha za mkono: mfupa wao ulikuwa mwembamba kuliko wa wenzao, na kwa waliokuwa kwenye mlo usio na maziwa tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Kama hana mzio, muulize daktari wake kuhusu kuyarudisha maziwa. Apimwe pia vitamini D.

Akikataa maziwa sasa, kwa sababu ameshayasahau, usimlazimishe. Watoto hawa wanajua hata karatasi ya biskuti ikibadilishwa rangi. Kalsiamu ya unga isiyo na ladha wengine huipokea ndani ya wali uliopoa, kiasi kidogo sana, kikiongezwa polepole wiki hadi wiki. Hesabu afanye mtu wa lishe, maana wapo watoto wenye usonji wanaotumia dawa nyingine pia.

#14 Nyota_ya_Kaskazini

Na wenye watoto wa kifafa wasome hapa. Wangu alikuwa kwenye fenobabitoni tangu akiwa na mwaka mmoja. Hakuna aliyetuambia kwamba fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini zinaharakisha kuvunjwa kwa vitamini D kwenye ini. Anakula vizuri, maziwa anakunywa, lakini magoti yanagongana. Kalsiamu bila vitamini D ni mgeni aliyefika mlangoni na mlango umefungwa. Sasa anapata vyote viwili. Dawa ya kifafa ASIACHISHWE mtu kwa sababu ya post yangu.

#15 Kibatari_Kinawaka

Je, ganda la yai? Shangazi anasaga, anasema bure kabisa.

#16 Zamu_ya_Usiku

Shangazi hajakosea kwenye hesabu. Ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti ile ile, gramu moja ina kama miligramu 380 za kalsiamu. Tabu ni nyingine. Lisipochemshwa vizuri lina vijidudu vya kuharisha. Lisiposagwa kama poda linakwaruza koo. Na "kijiko cha shangazi" kinaweza kuwa gramu tano, hapo umempa mtoto wa miaka miwili karibu 1900 kwa mpigo. Mtu mzima afanye akipenda. Mtoto mdogo, na hasa mwenye mzio wa yai, hapana.

Unga wa mifupa ya ng'ombe na udongo wa kula ndivyo ninavyovikataa kabisa. Risasi, ile metali, inajificha humo, na ubongo wa mtoto hauna njia ya kujitetea nayo.

#17 Bint_Makunduchi

Niko Uingereza miaka kumi. Huku matone ya vitamini D mhudumu wa afya anakuambia tangu mtoto anazaliwa: anayenyonya mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku, wa mwaka mmoja hadi minne mikrogramu 10. Nilipokuja likizo Zanzibar watu wakanicheka, jua lote hili! Lakini watoto wa dada yangu wanatoka chuoni (madrasa) wanaingia shule, wanarudi jua limezama. Na lile jua la saa moja asubuhi la kuanikia vichanga ni zuri kwa kubembeleza tu, miale inayotengeneza vitamini D inakuja jua likiwa limepanda.

Jingine: huku wanakataza maziwa ya mchele kwa walio chini ya miaka mitano, kwa sababu ya aseniki, sumu inayokuwemo kwenye mchele. Mwenye kutafuta mbadala asiende huko. Na chini ya mwaka mmoja maziwa yoyote ya mimea si kinywaji kikuu. Ni ziwa la mama au kopo maalumu la watoto wenye mzio. Mama anayenyonyesha akiwa ameacha maziwa, naye anahitaji 1000 kwa siku, msijisahau.

#18 MamaBoy_Kayole

Nimetoka kwa daktari. Vitamini D iko chini sana, wameanza matibabu. Maziwa tunarudisha. Leo amekataa kikombe, lakini amekubali nimtilie vijiko viwili kwa wali. Nimeandika namba kwa karatasi kama yule dada wa kliniki.

#19 Mama_wa_Nepi

Mama Boy, nimefurahi mpaka nimesahau chai jikoni. Vijiko viwili ni vingi!

Mrejesho wangu: nimefanya dagaa wa Mke wa Baharia. Nimekaanga, nimetwanga, nyumba nzima ilinukia, jirani wa ghorofa ya pili kaja kuuliza ninapika nini. Nimetia kwenye mchuzi wa maharage wa nazi. Kala! Kamaliza bakuli, kaomba tena, kasema, "Mama, nataka mchuzi wa mchanga."

Nikaonja. Mchanga kweli, unakwaruza meno. Mke wa Baharia, umesema nioshe mara ngapi?

#20 Mke_wa_Baharia

Hahaha! Mara tatu, mwanangu. Na maji ya mwisho usiyamwage kwa haraka, tega beseni kwenye mwanga uangalie chini. Ukiona hata punje moja, rudia.